Msimu wa Mgeni na Msimu wa Mwenyeji: Safari Ndefu ya Oman Wakati wa Joto

Watu wa pwani ya Afrika Mashariki hawana haja ya kufundishwa habari za msimu, kwani kwa karne nyingi biashara yao na safari zao zilipangwa kwa kufuata pepo mbili: kaskazi, iliyoyaleta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi mwaka ulipokaribia kwisha, na kusi, iliyoyarudisha makwao kuanzia mwezi wa Aprili. Siku hizi msimu wa msafiri huamuliwa na mashirika ya ndege na wenye hoteli, ambao wamekwisha kuigawa miezi ya kila nchi mafungu mawili: ile ifaayo kuzuru, ambayo bei hupanda na vyumba hujaa, na ile isiyofaa, ambayo bei hushuka na baadhi ya milango hufungwa kabisa.

Makala haya yanahusu fungu hilo la pili, na nchi ninayoitolea mfano ni Oman, ambako nilikaa tangu mwanzo wa Juni, joto likiwa limekwisha kukaza, hata makomamanga yakaanza kuchumwa milimani. Wageni wengi huizuru nchi ile baina ya Oktoba na Aprili, hewa ikiwa nyororo, na hapana wa kuwalaumu kwa hilo. Lakini nilirejea na yakini moja ambayo ningependa msomaji anayekusudia kusafiri aizingatie: kwamba miezi inayohesabiwa kuwa mikavu katika daftari la mwenye hoteli huenda ikawa ndiyo iliyojaa kabisa katika maisha ya wenyeji wenyewe, na kwamba mwenye kuifuata kalenda ya hoteli peke yake ataiona nchi ikiwa imejipamba, wala hataiona ikiwa kazini.

Joto la Oman halifai kufichwa wala kupunguzwa kwa maneno. Mchana wa Juni mjini Maskati hufika nyuzijoto 40 za Selsiasi na kupita, na usiku, kwa kuwa bahari i karibu, hewa hubaki na unyevu mzito hata kanzu ikamganda mtu mwilini kabla hajamaliza kuvuka barabara. Katika mji wa Quriyat, ulio pwani hiyo hiyo kusini-mashariki ya Maskati, ilipimwa mwezi wa Juni mwaka 2018 kwamba kwa usiku na mchana mzima joto halikuteremka chini ya nyuzi 42.6, na habari hiyo ikatangazwa ulimwenguni kote kuwa ni ajabu isiyo na mfano. Kwa sababu ya hali hiyo serikali imewakataza waajiri kuwafanyisha watu kazi za juani tangu saa sita na nusu mchana hadi saa tisa na nusu katika miezi ya Juni, Julai na Agosti. Amri hiyo iliwekwa kwa ajili ya vibarua, lakini msafiri mwenye akili ataichukua kuwa ni nasaha kwake pia, maana inamwonyesha jinsi siku ya nchi ile inavyogawanyika.

Jua la Juni huchomoza Maskati mnamo saa kumi na moja na dakika ishirini, na watu waliokwisha kusali alfajiri hawarudi kulala. Samaki huuzwa mapema mtaani Mutrah, mboga hununuliwa mapema, na aliye na shughuli ya kwenda kwa miguu huimaliza kabla ya saa tatu. Tangu adhuhuri hata alasiri madirisha hufungwa, pazia hushushwa, na njia hubaki tupu. Kisha, baada ya magharibi, mji huamka mara ya pili: wauza ubani na vitambaa wa soko la Mutrah hufungua tena, vijana hucheza mpira mchangani kando ya bahari, na jamaa hutandika mikeka yao ufukweni wakaketi na birika la kahawa hata usiku wa manane. Msafiri anayeshika ratiba ya kwao, akatoka saa nne kwenda kutazama ngome na akarudi saa kumi kupumzika, atakuwa ametembea wakati wenye nchi wamelala na kulala wakati wenye nchi wametoka, kisha ataandika nyumbani kwamba mji ule hauna watu.

Waarabu wa Oman huyaita majira hayo *qaidh*, nayo kwao ni majira ya neema. Ndiyo miezi ya tende. Nchi ile ina aina za mitende zaidi ya mia mbili, wala haziivi pamoja: naghal hutangulia, ikiwa karibu kabisa na mwanzo wa joto, khunaizi na khalas hufuata, na fardh, ambayo hapo kale ilipelekwa hata Marekani, huja nyuma. Kwa hiyo mavuno si siku moja wala juma moja, ni mfululizo wa miezi, na katika kila nyumba unayokaribishwa sahani ya tende mbichi laini huwekwa mbele yako kabla ya jambo lolote, na mwenye nyumba hukutajia jina la mti zilikotoka. Zamani watu wa Maskati wenye uwezo waliuacha mji wakati huo wakahamia katika mashamba ya mitende ya pwani ya Batinah, na mabedui wa majangwa ya Wahiba mpaka leo huacha mchanga wao wakaingia katika vijiji vyenye mitende na maji. Ni jambo la kufikiriwa sana: mgeni anayekwenda jangwani mwezi wa Januari kumtafuta bedui humpata penye mahema yaliyowekwa kwa ajili ya wageni, ilhali anayemtafuta mwezi wa Julai, mengi ya mahema hayo yakiwa yamefungwa, humkuta chini ya mtende akivuna riziki yake.

Katika mashamba hayo nilishuhudia mnada usiofanana na mnada mwingine wowote niliouona. Mwenye mitende asiyeweza kuvuna mwenyewe, au wakfu wa msikiti wenye miti yake, huyauza matunda yangali juu ya miti, na desturi hiyo huitwa *tanaa*. Dalali hutangulia akipita mti kwa mti, wanunuzi wakimfuata nyuma kundi zima, kila mmoja akiinua kichwa kuyapima mashada kwa jicho. Bei hupanda kwa sauti ya chini, tena kwa ishara. Jina la aliyeshinda huandikwa daftarini, na kundi husogea mti wa pili. Hapana anayepanda juu kukagua. Maarifa yote ya tunda, uzito wake, ubora wake na siku zilizobaki hata kuvunwa, yamo katika macho ya wale waliosimama chini, na mtoto aliyefuatana na babake huyapokea maarifa hayo siku ile ile bila ya kitabu.

Upande wa Sharqiya, hasa Bidiyah na Ibra, nilikuta kazi nyingine ambayo mgeni wa miezi ya baridi hawezi kuiona kwa gharama yoyote, nayo ni kupika tende. Aina iitwayo mabsali hukatwa ikiwa bado ngumu na ya manjano, haijaanza kulainika, kisha huchemshwa katika masufuria makubwa mno yaliyojengewa meko ya udongo na mawe, moto ukikokwa kwa makuti na magogo ya mitende iliyokufa. Kazi huanza kabla ya jua kupata nguvu. Maji ambayo yamekwisha kupikiwa mikupuo kadhaa huwa mazito na ya rangi ya kahawia kwa sukari iliyotoka, mvuke wake ukamshika mtu kooni kwa utamu, na wapishi huzunguka meko wakiwa wamejifunga vilemba mpaka puani. Mzee msimamizi huchota tende chache kwa upawa wa mpini mrefu, huzipuliza, kisha huibonyeza moja baina ya kidole gumba na cha shahada. Ngozi ikijikunja kidogo bila kupasuka, hutikisa kichwa, na sufuria zima huopolewa mara moja. Tende hizo hubebwa zikichuruzika hata uwanja ulio wazi, zikatandazwa juani siku kadhaa mpaka zikakauka na kukunjamana, na sehemu kubwa yake hupelekwa Bara Hindi. Jua lile lile linalomfukuza mtalii ndilo linaloitengeneza bidhaa hiyo. Kama joto lingekuwa pungufu, kazi isingekamilika.

Maji yanayoilea mitende hii hupita katika mifereji ya kale iitwayo *aflaj*, ambayo zaidi ya 3,000 yake ingali ikitumika, na mitano kati yake iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006. Falaj Daris, karibu na Nizwa, ni mmojawapo. Wakati wa baridi mgeni hutazama maji yakipita, akapiga picha, akaenda zake. Wakati wa joto, maji yakiwa na thamani kuliko kitu chochote, ndipo aonapo utaratibu wake: kila mwenye shamba ana fungu lake la muda, si la ujazo, na kwa desturi ya zamani muda huo ulipimwa mchana kwa kivuli cha mti uliosimamishwa na usiku kwa kuchomoza kwa nyota. Saa ya mtu ikiwadia hufungua kizibo chake cha udongo na matambara, na ikiisha hukifunga bila kuambiwa. Nizwa ni mji wa ngome kubwa ya mviringo iliyojengwa na Imamu Sultan bin Saif al-Yarubi, yule aliyewatoa Wareno Maskati mwaka 1650, na watu humsifu kwa ngome hiyo. Lakini aliyekaa siku nyingi katika mashamba yaliyo chini yake atajua kwamba mji ule ulidumu kwa uaminifu wa watu katika kugawana maji.

Habari ya bahari nayo inashuhudia jambo lile lile. Mjini Sur, mashariki ya nchi, jahazi liitwalo Fath al-Khair, lililoundwa huko mwaka 1951, limehifadhiwa nchi kavu ili watu walitazame. Mabaharia wa Sur waliteremka kwa kaskazi hata Lamu, Mombasa, Unguja na Rufiji kutafuta boriti na bidhaa nyingine, wakapanda kwa kusi kurudi kwao, na kusi ilipofika nguvu yake ya Juni, Julai na Agosti, Bahari ya Arabuni ilichafuka kiasi cha kuwazuia wenye matanga wasitoke. Hapo vyombo vilivutwa pwani, vikatiwa kalafati upya na kupakwa sifa, na baharia akabaki na watu wake mavuno ya tende yakiendelea. Miezi ambayo leo huitwa mibaya kwa safari ndiyo iliyokuwa miezi ya mwenye nyumba kuwepo nyumbani.

Safari ya saa moja hivi kutoka Sur humfikisha mtu Ras al-Jinz, pwani iliyotangazwa kuwa hifadhi ya kasa mwaka 1996. Kasa wa kijani hutaga huko mwaka mzima, lakini hupanda kwa wingi katika miezi ya joto. Wageni huongozwa kwa makundi madogo usiku au kabla ya alfajiri, taa zikiwa zimezimwa na picha zikiwa zimekatazwa, wakasimama nyuma ya mnyama ili asiwaone. Jike niliyemwona alikuwa amekwisha kujichimbia shimo la kumtosha mwili mzima. Sasa alikuwa akichimba lingine jembamba kwa mapezi ya nyuma, pezi moja likichota mchanga taratibu na kuutupa kando, kisha la pili likifuata, kwa zamu isiyokosewa. Mayai meupe yalianguka mawili mawili, matatu matatu, hata yakakaribia mia, na machozi mazito yalimtoka machoni, ambayo ndiyo njia ya mwili wake kuondoa chumvi iliyozidi. Baada ya miezi miwili hivi watoto hutoka mchangani wenyewe. Anayekuja Januari akiwa na bahati huona kasa mmoja. Anayekuja Julai hushuhudia ufuo mzima ukiwa na shughuli.

Isidhaniwe kwamba Oman nzima ina msimu mmoja. Kusini, katika Dhofar, kusi ile ile tunayoijua sisi, ikiisha kuvuka ikweta na kugeuza uelekeo, hupiga milima ya Salalah ikileta ukungu na manyunyu, na tangu kiasi cha tarehe 21 Juni hadi 21 Septemba nchi hugeuka kijani, ng'ombe na ngamia wakalisha katika majani marefu. Watu wa Ghuba humiminika huko, barabara ikasongamana, na vyumba vikapanda bei wakati ule ule ambapo Maskati, iliyo umbali wa kilomita 1,000 hivi, bei zimelala. Mtu wa pwani yetu akiona vibanda vya madafu, ndizi na mapapai kando ya njia za Salalah hatajiona mgeni. Basi mwenye kusema kwamba msimu wa Oman umekwisha, na aulizwe kwanza ni upande gani wa Oman.

Sasa niyaseme mafunzo ya kutumika, maana hikima isiyomsaidia mtu kufunga mzigo wake ina upungufu.

La kwanza ni kuuliza mapema ni kipi kilichofungwa, na kwa sababu gani. Nyumba ya kifalme ya opera ya Maskati hupumzika wakati wa joto, na kambi nyingi za jangwani hazina mtu. Nguru, samaki apendwaye kuliko wengi, hukatazwa kuvuliwa tangu katikati ya Agosti hadi katikati ya Oktoba ili azaane, na mgeni mwenye adabu hamwagizi. Makumbusho ya Taifa, kwa upande mwingine, iko wazi na ina baridi ndani, nayo ndiyo mahali pa kuipitisha adhuhuri kwa faida.

La pili ni fedha. Riali moja ya Oman, yenye baisa 1,000, ni sawa na takriban dola 2.60 za Marekani, kwa hiyo nchi si rahisi. Nafuu ya nje ya msimu huonekana zaidi kwa anayekaa muda mrefu: chumba kilichotangazwa kwa bei ya usiku mmoja hupunguzwa sana kikiombwa kwa mwezi, mradi mtu aulize kwa staha na awe tayari kulipa mbele. Lakini nafuu hiyo isiliwe kwa kubana kiyoyozi au kutafuta gari bovu. Gari lenye matairi mazima, maji ya kunywa ya kutosha watu wote, na simu yenye chaji si anasa katika nchi ambayo gari likiharibika mchana mtu hawezi kungoja kando ya barabara. Kwa milima ya Jabal Akhdar, ambako uwanda wa Saiq uko kiasi cha meta 2,000 juu ya bahari na hewa ni ya kupendeza hata Agosti, polisi walioko chini ya mlima hawaruhusu gari lisilovutwa kwa magurudumu yote manne.

La tatu ni hatari, ambazo ndizo sababu ya msimu kuitwa mbaya. Mawingu ya alasiri hujikusanya juu ya milima ya Hajar, na mvua inyeshayo huko juu huteremsha mafuriko katika bonde kavu ambalo juu yake anga ni nyeupe. Wengi wamekufa kwa kudhani gari lao litavuka, na sheria inamwadhibu anayejaribu. Tufani nazo huja kabla ya nguvu za kusi na baada yake: ile iliyoitwa Gonu, mwezi wa Juni mwaka 2007, iliharibu vibaya Maskati, Quriyat na Sur. Tangazo la idara ya hali ya hewa likitoka, msafiri aghairi safari bila kujadiliana, na kwa hiyo ratiba yake iwe na siku za akiba. Wenye maradhi ya moyo, wazee na watoto wachanga nisingewashauri safari hii hata kidogo.

La nne, nalo ni kubwa, ni adabu ya kuwa mgeni wakati mwenyeji ana kazi. Anayefika wakati wa mavuno asitake kupigishwa picha na kila kikapu, tena asiwapige picha wanawake shambani bila idhini. Akikaribishwa kahawa, aipokee kwa mkono wa kulia, akitosheka akitikise kikombe, na asikae hata akawachelewesha watu. Sisi tusemao Kiswahili tuna bahati ya pekee, kwa kuwa jamaa nyingi za Oman zina asili yao Unguja, Pemba na bara, na baada ya mwaka 1970 wengi walirudi huko na lugha yao. Mara nyingi sokoni nilijibiwa kwa Kiswahili safi kabla sijamaliza salamu ya Kiarabu. Bahati hiyo ni dhamana. Anayeitwa ndugu kwa sababu ya lugha ana wajibu wa kuenenda kama ndugu, hasa katika miezi ambayo hapana makundi ya wageni ya kujificha ndani yake.

Basi mwenye kukusudia safari ndefu, iwe ya Oman au ya nchi nyingine yoyote, asianze kwa kuuliza ni mwezi gani wenye nauli nafuu, wala ni mwezi gani wenye hewa nzuri. Aanze kwa kuuliza wenyeji wa nchi ile hufanya nini katika mwezi upi: huvuna lini, huvua lini, huiacha bahari lini, huhama lini. Akishalijua hilo, aipime afya yake na mfuko wake kwa ukweli, kisha achague. Huenda akaangukia msimu ule ule wa wageni wote, na si vibaya, kwani atakuwa ameuchagua kwa maarifa. Na akichagua ule mwingine, asiende kwa haraka haraka. Akae, akiweza, mpaka kazi aliyoikuta ikianza imalizike naye yungali pale.